Githeri Iliyovuka Mpaka

Mama huniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mamake. Akilitamka kwa upole, jua anataka kitu, na mara nyingi kitu chenyewe ni kizito. Alinipigia simu asubuhi moja nikiwa dukani kwangu Ruiru, ninakouza rangi za nyumba. Nilikuwa nikimchanganyia mteja rangi ya sebule, simu nimeibana begani.

"Maitu, hilo duka lina mtu wa kuliangalia wiki ijayo? Tunaenda Uganda."

Nilijua habari ya safari. Kanisa letu la Kamenu, kule Thika, lilikuwa likikusanya chakula cha kupeleka kwenye kambi ya wakimbizi magharibi mwa Uganda, wanakoishi watu waliokimbia vita Kongo. Mama ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, kwa hiyo kazi yote ilikuwa mikononi mwake. Nilichokuwa sikijui ni kwamba ameamua kwenda mwenyewe na magoti yake yale mabovu, na kwamba mimi ndiye nitakuwa fimbo yake. Nilifungua kinywa nikatae. Kisha nikasikia jinsi sauti yake ilivyochangamka, nikakubali.

Sauti hiyo ilikuwa imepotea tangu Baba afariki. Wazazi wangu walioana wakiwa vijana, na katika ndoa yao yote Mama alipika githeri kwenye sufuria moja kubwa, nyeusi chini, iliyochemka tangu asubuhi mpaka mahindi yapasuke na maharagwe yalainike. Baba alikula hiyo githeri kila siku iendayo kwa Mungu, na kila siku alionja kijiko kimoja, akatikisa kichwa, akasema chumvi imepungua. Na Mama akamjibu bila kugeuka: "Chumvi iko mezani, una mikono." Sisi watoto tulijua mazungumzo hayo kama wengine wanavyojua sala ya chakula.

Baba alipokufa, Mama aliendelea kupika sufuria nzima. Hakujua kupika kidogo. Aligawa kwa majirani mpaka wakaanza kumkwepa, nyingine ikachacha, na siku moja akaisugua ile sufuria, akaipandisha juu ya kabati, akaanza kuishi kwa chai na mkate. Alikonda. Nikimletea nyama anasema ameshiba. Nilimgombeza, nikambembeleza, nikalia garini nikirudi Ruiru. Aliniambia mara moja tu shida ilikuwa nini: "Maitu, sina mtu wa kula chakula changu."

Kwa hiyo kambi ilipotangazwa kanisani, Mama alisikia jambo moja: kuna watu wenye njaa. Aliishusha sufuria siku hiyo hiyo.

Akina mama walileta mahindi na maharagwe, kila mmoja na gorogoro yake, ule mkebe tunaopimia nafaka sokoni. Nilienda Jumamosi kusaidia. Walikuwa wametandaza turubai kwenye ukumbi wa kanisa, mahindi upande huu, maharagwe upande ule, yote yamechaguliwa mawe na takataka mpaka yanang'aa. Mama alisimama katikati na beleshi, kanga imefungwa kiunoni, akaamuru vichanganywe.

"Vyote?" niliuliza.

"Sasa tuwapelekee kazi? Wakifungua gunia, wanamimina tu ndani ya sufuria."

Mtu mmoja pekee alipinga. Ni jirani yetu, mwalimu mstaafu aliyetoka Vihiga akiwa msichana, akafundisha na kuzeekea Kamenu. Yeye na Mama ni marafiki wa kugombana. Mama husema ugali ni gundi ya kubandikia karatasi, na Mwalimu husema githeri ni chakula cha watu waliokosa subira ya kusaga.

"Mwenyekiti, usichanganye," alisema. "Wale ni watu wa unga kama mimi. Watataka kusaga mahindi."

"Wewe unataka kila mtu ale gundi," Mama akamjibu, akazamisha beleshi. Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nilicheka pia. Kwetu mahindi na maharagwe ni kama mume na mke, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwamba kuna nchi ambako hawajaoana.

Magunia yalipanda lori la muumini mmoja wa Witeithie ambaye kwa kawaida hubeba mawe ya kujengea. Mama, Mwalimu na mimi tulifuata kwa gari la kanisa. Mama alikataa sufuria yake ipande lori, akaiweka miguuni pake, na kila tulipoyumba ilinigonga mguu. Alikuwa na mpango. Siku ya kwanza angewapikia mwenyewe, wale waone githeri inavyopikwa, naye aone wakila. Alinieleza mpango huo Naivasha, akanieleza tena Eldoret, na tulipovuka mpaka alikuwa ameshaamua nani atakaa wapi.

Kambi ilikuwa kama mtaa wowote uliojengwa kwa haraka, nyumba za udongo na turubai, watoto kila mahali, nguo zimeanikwa juu ya miti michanga. Akina mama walitupokea kwa nyimbo. Kiongozi wao alikuwa mama mrefu, mwembamba, mwenye kitenge cha manjano na macho ya mtu ambaye hadanganyiki kirahisi. Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo, na kilinifurahisha masikio.

Gunia la kwanza likafunguliwa. Wakachungulia. Yule kiongozi akaingiza mkono, akauinua, akaziacha punje zipite katikati ya vidole. Kisha akamwangalia Mama kwa heshima sana.

"Aksanti, mama. Lakini juu ya nini mulichanga mahindi na maharagi?"

Mama akaeleza kwa nini tulivichanganya, mikono ikimsaidia. Vinapikwa pamoja. Unamimina, unaongeza maji, unachochea moto, unakaa.

"Moto ya muda gani?"

"Ukianza asubuhi, mchana imeiva."

Nikaona akina mama wakitazamana. Hakuna aliyecheka. Yule kiongozi akaeleza polepole, kama mtu anayeogopa kumuumiza mgeni. Kuni ziko mbali. Mwanamke huondoka alfajiri na kurudi jioni na mzigo mmoja, na wenye mashamba huwafukuza, wengine kwa mapanga. Mzigo huo hupikia siku nyingi. Bugali, yaani ugali, haili moto, ndiyo maana wanataka unga, na maharagwe huyaloweka kwanza ili yaive upesi. Kinu cha dizeli kipo sokoni, lakini mwenye kinu hasagi mahindi yaliyochanganyika.

"Tutachagua tu, mama," akamaliza. "Haina shida. Tuko bengi."

Na wakaanza. Waliketi chini kwenye vivuli vya nyumba zao, nyungo mapajani, mahindi huku, maharagwe kule. Magunia yale yote tuliyoyachanganya kwa beleshi huku tukicheka, waliyatenganisha kwa vidole.

Sikuweza kumtazama Mama usoni. Nilimtazama Mwalimu, nikingoja amwambie kwamba alimwonya, na nilikuwa tayari kumrukia. Mwalimu alivua viatu, akaomba ungo, akaketi na kuanza kuchagua. Nilimpenda sana saa hiyo, na sijawahi kumwambia.

Mama aliketi kwenye kigoda walichomletea, sufuria kando yake, mdogo kuliko nilivyowahi kumwona. Hapo ndipo wale akina mama walipofanya jambo lililozidisha uzito. Mmoja aliingia nyumbani kwake akatoka na ukuni mmoja, akauweka mbele ya sufuria ya Mama. Mwingine akafanya vivyo hivyo. Wakafululiza, kila mmoja na ukuni wake, mpaka pakawa na rundo.

"Mugeni alisafiri na sufuria yake," kiongozi akasema. "Apike. Tutangoja."

Nilijua Mama alivyoitamani siku hiyo. Nilijua angeweza kuwasha moto, kuketi mpaka mchana, na kuwaona wakila. Aliliangalia rundo lile kwa muda mrefu, na nadhani aliona njia ndefu, na mapanga.

"Maitu," akaniita taratibu. "Niinue."

Nikamwinua. Akaisukuma sufuria kwa mguu mpaka mbele ya yule kiongozi.

"Kuni mlizoleta ni zawadi, siwezi kuzikataa," alisema. "Lakini mpishi ni wewe. Pika ile yenu, ya moto kidogo. Nikule."

Kiongozi akamtazama, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza. Kuni chache zilitumika, nyingine zikarudi majumbani. Walikuwa na unga kidogo, wakasonga bugali katika sufuria ya Mama, wakachemsha maharagwe waliyokuwa wameloweka. Mama alichagua nafaka pamoja nao mpaka chakula kilipoiva. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya mtu yeyote pale, na akaanza kuwatania walio wazembe.

Kisha tukala. Mama yangu, adui wa gundi, alimega, akachovya, akameza. Akamega tena. Sahani ilipoisha akainyoosha mbele aongezwe. Tangu tumzike Baba sikuwa nimemwona akiomba kuongezwa chakula. Niliinama nikajifanya natafuta kiatu.

"Nimekuona, Mwenyekiti," Mwalimu akasema.

"Hii si kama yako. Hii imepikwa."

Tulipoondoka kesho yake nilihesabu mizigo kwa macho, nikaona miguu yangu ina nafasi.

"Mami, sufuria iko wapi?"

"Imebaki. Kule kuna watu." Akageukia dirisha. Jambo moja tu sikumwambia. Tukiagana, nilimwona yule kiongozi akichota kiganja kimoja cha nafaka ambayo haijatenganishwa na kuifunga kwenye pindo la kitenge chake.

Siku hizi nikienda Kamenu huwakuta Mama na Mwalimu mezani. Mwalimu huvuka na ugali, Mama hupika maharagwe, na huanza kugombana kabla ya kunawa mikono. Mama amenenepa kidogo. Lakini githeri hajawahi kuipika tena, na mimi sikuthubutu kumuuliza.

Wiki iliyofuata Pasaka, ujumbe wa sauti wa yule kiongozi uliingia kwenye simu yangu, kwa maana simu ndogo ya Mama haipokei mambo hayo. Nilifunga duka mapema, nikaenda Thika, nikamsikilizisha akiwa jikoni. Ile sauti ilisema Pasaka waliwasha moto mmoja kanisani, moto wa watu wote, wakapika ile githeri ya Mama kama alivyoeleza, ndani ya sufuria yake.

"Batoto walimaliza yote, mama, wakalamba mpaka chini. Ila mzee wangu alionja, akasema chumvi ilipungua."

Mama aliweka mwiko chini. Alicheka, na kicheko kikageuka njiani, akashika ukingo wa meza na kulia kama ambavyo sikuwahi kumwona akilia, hata makaburini. Nilimshika mgongo. Alipotulia akajifuta kwa kanga na kuniamuru nimrekodi jibu. Alianza, akanitaka nifute. Akaanza tena.

"Mwambie mzee wako," alisema mwishowe, "chumvi iko mezani, ana mikono."