Mkanda Uliorudi Mweusi kutoka Dodoma

Mjukuu wangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko zote nilizotembea na kamera, nayo ni siku ambayo sikupiga picha hata moja. Juzi uliniambia una jambo zito la kumweleza mwenzako na unatafuta namna ya kulikwepa. Sikukujibu papo hapo kwa sababu jibu langu ni refu. Leo nina nafasi, nawe umeshakula, basi tulia nikusimulie.

Waingereza walikuwa bado wanatutawala, nami nilikuwa kijana katika idara ya mifugo. Kazi yetu ilikuwa kuchanja ng'ombe wasipate sotoka. Tulianza kwetu Ilongero, tukaingia Mgori, kisha tukapanda hadi Iramba, kila mtu na baiskeli yake na sanduku la sindano nyuma. Na mimi, juu ya sanduku la sindano, nilifunga kamera.

Niliinunua kwa Mhindi mmoja pale Singida mjini. Ilikuwa kisanduku cheusi tu, si kitu cha fahari. Unaishika tumboni, unainama, unachungulia kwa juu kama mtu anayeangalia maji kisimani, halafu unabana pumzi na kubonyeza. Sikuwa na studio wala sikutafuta wateja. Nilipenda tu. Nilipiga miamba iliyobebana, nilipiga mapaa bapa ya nyumba zetu za tembe yakiwa yameanikwa mtama, nilipiga ndege wa ziwa Singidani, wale wenye rangi ya waridi wanaosimama kwa mguu mmoja. Ila picha za wakati ule zilikuwa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo ndege wale wazuri walitoka kama kuku wa kawaida. Nilicheka mwenyewe, na bado nikarudi kuwapiga tena.

Mkanda ukijaa niliupeleka stendi, nikampa dereva wa basi aufikishe Dodoma kwa fundi wa kusafisha picha. Kisha nilisubiri. Ninyi wa leo mnaona picha kabla hata aliyepigwa hajafumba mdomo. Sisi tulikuwa tunasahau tulichopiga, halafu bahasha inakuja na kutukumbusha.

Kule Misigiri, Iramba, kulikuwa na mama mmoja mjane aliyekuwa akitupa mahali pa kulala tulipokwenda kuchanja. Tulimwita Mama Naomi, kwa jina la binti yake. Watoto wengine Mungu aliwachukua wakiwa wadogo, akabaki huyo mmoja. Naomi alipoposwa na kijana wa Kinyiramba aliyekuwa dresa, mfunga vidonda, katika hospitali ya Mpwapwa, mama yake alinitumia salamu: njoo harusini, na usisahau kile kisanduku chako.

Nilikwenda. Nilipiga maharusi mbele ya kanisa, nikapiga wazee, nikapiga akina mama wakicheza mpaka vumbi likafunika kila kitu. Watu walipoanza kutawanyika, Mama Naomi alinivuta kando.

"Jumanne," akaniita kwa jina langu, "nipige mimi na mwanangu, wawili tu. Baba yake hakuwahi kupigwa picha. Sasa nikifumba macho namwona mabega, namwona anavyotembea, lakini uso wake umeanza kunitoka. Sitaki na huyu anitoke."

Nikawasimamisha ukutani mwa tembe, mahali palipokuwa na mwanga mzuri. Mama alimshika binti yake mkono, akanitazama bila kupepesa, kana kwamba akipepesa itaharibika. Nikabonyeza. Siku chache baadaye Naomi akapanda lori na mumewe, wakaenda zao.

Bahasha iliporudi kutoka Dodoma ilikuwa nyepesi. Niliifungua palepale stendi. Hapakuwa na picha. Palikuwa na mkanda wenyewe, umekunjwa, mweusi kama masizi ya chungu. Niliunyanyua kwenye jua, nikautazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna harusi, hakuna mama, hakuna binti. Niliporudi nyumbani niliikagua kamera, nikakuta bawaba ya mlango wa nyuma imelegea kwa kurukaruka juu ya baiskeli. Mwanga ulikuwa unaingia polepole, na mimi sikujua.

Nisingejali kama ingekuwa miamba, miamba ipo mpaka leo. Lakini uso wa Naomi ulikuwa umeshafika Mpwapwa.

Msimamizi wetu alikuwa mtu mzima mmoja Mnyaturu, Mzee Athumani, mwenye sauti ya chini hata akigombeza ng'ombe. Nilimfuata nikamwonyesha mkanda. Nikamweleza na mpango wangu, maana nilikuwa nimeshaupanga: safari ya Iramba inayofuata nibadilishane na mwenzangu, yeye aende Misigiri, mimi niende Mgori. Na Mama Naomi akiuliza, aambiwe bahasha imepotea njiani, labda itapatikana.

Mzee Athumani aliutazama ule mkanda, akanirudishia.

"Umeharibika kwa kukusudia?"

"Hapana, mzee."

"Basi mpaka hapa huna kosa. Kosa ndilo hilo unalotaka kwenda kulitengeneza sasa hivi." Akavuta ugoro wake. "Yule mama anasubiri, Jumanne. Unajua anayesubiri anafanya nini? Anajitungia habari. Leo atasema basi limechelewa. Kesho atasema umemsahau. Keshokutwa atasema kuna jambo watu wanamficha. Na wewe unataka kumwongezea labda juu ya labda? Kijana mzima unakimbia mama mjane kwa sababu ya karatasi?"

Nilitazama chini. Nikaukunja mkanda, nikautia mfukoni.

"Kesho usije kazini," akasema. "Nenda Misigiri. Na ukifika usizunguke. Sema lililotokea, kisha kaa hapo umsikilize. Akikutukana, tukanwa. Halafu urudi tuchanje ng'ombe."

Nilitoka alfajiri. Ile barabara unaijua kwa gari, hujui ilivyo kwa baiskeli, na kule mbele inapopanda nilishuka nikaisukuma. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nikiyapanga yanasimama vizuri, nikifika kwenye kilima kinachofuata yameanguka. Kamera niliiacha nyumbani. Sikutaka hata aione.

Jua lilikuwa limeshaanza kuinama nilipofika. Mama Naomi alikuwa uani anapepeta uwele. Alinyanyua kichwa, akaniona nimeshika baiskeli, peke yangu, sina wenzangu, sina sanduku la sindano, nimejaa vumbi mpaka kope, na uso wangu sijui ulikuwaje. Nilisema, "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Ungo ulimtoka mikononi, uwele wote ukamwagika.

"Sema," akaniambia.

Nami, mwanangu, maneno yote niliyoyapanga yakayeyuka. Nikasema, "Mama, nimekuja na habari mbaya..."

Sikumaliza. Alipiga ukelele ambao nausikia mpaka leo. Alipiga magoti kwenye ule uwele, akaanza kuita jina la mwanawe kwa Kinyiramba, na majirani wakaanza kutoka mbio majumbani. Mama mmoja alikuja na mwiko mkononi. Mzee mmoja akanishika bega, akaniuliza, "Amefariki lini?"

Ndipo nikaelewa. Kumbe tangu Naomi aondoke hapakuwa na salamu yoyote iliyofika. Na kijana anayekuja peke yake kwa baiskeli kutoka mbali, siku isiyo ya kuchanja, ana kichwa chini, nyakati zile alikuwa analeta jambo moja tu.

"Hajafa!" nikapiga kelele. "Mama, hajafa! Naomi mzima! Ni picha! Picha ndiyo imeharibika!"

Mama Naomi akanyanyua uso, machozi na makapi ya uwele yamemganda mashavuni.

"Nini?"

"Picha, mama. Mwanga uliingia kwenye kamera. Ile picha yako na Naomi haikutoka. Zote hazikutoka."

"Picha," akarudia.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Picha tu?"

"Picha tu."

Basi akaanza kucheka. Alicheka akiwa bado amepiga magoti, akalia, akacheka tena, akanipiga begani na kanga yake, akanipiga tena. Yule mama mwenye mwiko naye akacheka, akasema ameacha ugali unaungua kwa ajili ya picha. Mzee aliyenishika bega akakaa chini kabisa, akajipepea kwa kofia. Mimi nikaegemea baiskeli, na kitu kilichokuwa kimenibana kifuani tangu nilipofungua ile bahasha kikaachia chote kwa mara moja. Kama ulishawahi kutua mzigo wa kuni baada ya safari ndefu, utajua ninachosema.

"Siku nyingine, Jumanne," Mama Naomi akaniambia akijifuta, "ukiwa na habari ya picha, anza kwa kusema picha."

Tuliokota uwele wote pamoja. Akanipikia ugali wa mtama na mlenda, akanikalisha nile nishibe. Tulipokuwa tunakula akasema polepole, "Lakini uso wake bado ningeupenda." Nikamjibu kuwa nimesikia. Sikutoa ahadi. Nilikuwa nimeshajifunza kutosema nisichokishika mkononi.

Mwaka uliofuata, idara ikanichagua kwenda kuongeza mafunzo ya mifugo, na mafunzo yenyewe yalikuwa Mpwapwa. Mzee Athumani aliponiambia hakutabasamu, lakini mpaka kesho naamini ni yeye aliyelipeleka jina langu. Nilipita kwanza Misigiri. Mama Naomi alinipa samli kwenye kibuyu na mlenda mkavu kwenye kitambaa. Safari hiyo bawaba ilikuwa imetengenezwa na fundi wa baiskeli, na juu ya hilo nikaufunga mlango wa kamera kwa mpira wa tairi.

Nilipanda lori hadi Manyoni, nikapanda treni hadi Gulwe, kutoka pale nikapata gari la kwenda Mpwapwa. Nilipiga picha njia nzima: stesheni, watembeza karanga, mtoto wa Kigogo aliyesimama na ndama wake. Lakini nikikwambia nilikuwa na raha nitakudanganya. Salamu zilikuwa bado hazijafika Misigiri, nami nilikuwa najiuliza kama kile nilichomhakikishia mama wa watu uani kwake kilikuwa kweli. Nilisema Naomi mzima. Nilijuaje?

Nilimkuta kwenye bomba la maji nyuma ya nyumba za watumishi wa hospitali, anafua nepi. Aliponiona alisimama, akaziba mdomo kwa mkono wenye povu.

"Kaka Jumanne! Mama hajambo?"

"Mama hajambo," nikasema haraka, kabla sijamsalimia, kabla sijaweka mzigo. "Hajambo kabisa. Amekutumia samli."

Akashusha pumzi. Kumbe naye alikuwa na wasiwasi uleule. Alinieleza kuwa aliumwa homa kali baada ya kufika, kisha ujauzito ukamsumbua, na kujifungua kulikuwa kugumu mpaka mumewe akakesha kwenye benchi la hospitali, yeye ambaye kazi yake ni kuuguza wengine. Hawakutaka kumtisha mama, wakasema watatuma salamu mambo yakiwa mazuri. Mambo yakawa mazuri, na mtu wa kwenda Iramba hakupatikana.

Akaingia ndani, akatoka na mtoto wa kike aliyenona, amekunja uso kwa sababu ya jua.

"Mwambie mama huyu anaitwa Rakeli."

Niliwapiga pale nje. Niliikagua bawaba, nikaikagua tena. Mkanda sikumpa dereva yeyote. Mafunzo yalipokwisha niliupeleka Dodoma mwenyewe, nikakaa kwenye benchi la studio mpaka fundi akatoka na picha bado ina unyevu. Naomi alikuwepo. Mtoto alikuwepo, na uso wake uleule uliokunjwa. Nilimshukuru fundi yule mpaka akanishangaa.

Misigiri nilifika mchana. Nilipokuwa bado mbali na ua nikapaza sauti, "Mama, habari njema! Ni picha!" Alikuja mbio, akafuta mikono kwenye kanga, akaishika kwa ncha za vidole. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Amenenepa," akasema. Halafu, "Na huyu?"

"Ni mjukuu wako. Anaitwa Rakeli."

Tangu mumewe afariki hapakuwa na mtu wa kumwita kwa jina lake mwenyewe, Rakeli. Alilitamka mara moja, kwa sauti ndogo, kama anajaribu kama bado linamfaa. Kisha akawaita majirani wote waje kuangalia.

Sasa nikwambie wazi, mwanangu, usije ukasema babu kapiga hadithi tu. Una habari mbaya ya kumpa mwenzako, mpelekee. Usiipambe, usiizungushe, na usiiache ilale kwako, kwa maana huko aliko ameshaanza kutunga nyingine iliyo mbaya kuliko hiyo yako. Ukifika, anza na lile analoliogopa zaidi, umwondolee kama halipo. Kisha sema lako lote, ukae umsikilize, usiondoke mbio. Mara nyingi utakuta ulichokibeba kwa hofu ni kidogo mno mbele ya alichokuwa amekibeba yeye. Na kama ni kikubwa kweli, basi mtakibeba wawili. Wala usinyamaze kwa kusubiri mpaka habari iwe nzuri. Naomi alinyamaza kwa upendo, na mama yake akaumia vilevile.

Nenda leo, jua halijawa kali. Mwenyezi Mungu akutangulie katika maneno yako, akulainishie moyo wa huyo unayemwendea, akurudishe nyumbani ukiwa umepumua. Amina.