Fundi Aliyeiachia Injini Ipumue

Habari nimeipata Nangurukuru, nikisubiri basi. Abiria mmoja aliyetoka Milola aliniambia, huku akipoza chai yake, kwamba yule fundi wa magari, Mmakonde mpole aliyeishi zamani kijijini kwetu karibu na Kitomanga, amefariki na amekwisha kuzikwa. Basi langu likaja, likaondoka. Mimi nikabaki kwenye benchi la muuza vitumbua, nikitamani kumwona mtu ambaye miaka yote hii sikumtafuta.

Wasomaji wangu mtanisamehe nikizungumzia oili. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa na gari moja, kombi kuukuu. Ndilo lililobeba korosho, na ndilo lililopeleka wagonjwa Lindi. Lilivuja oili kama mtungi wenye ufa. Kwa kuwa lilikuwa letu sote, kila aliyepita alishika spana na kukaza nati kidogo zaidi. Mwenyekiti wa kijiji aliiita kazi hiyo zamu ya kulinda mali ya umma. Likazidi kuvuja. Safari moja oili iliisha njiani, injini ikafa, na dada yangu akajifungulia kando ya barabara mtoto ambaye hakulia. Alipopata mimba ya pili hakuzungumzia mtoto kabisa. Kila asubuhi aliuliza hali ya gari.

Mwezi wake ulipokaribia, fundi aliomba mafuta ya taa na kibaba cha unga wa muhogo. Akaiosha injini, akaikausha, akainyunyizia unga, akaiwasha. Watu walicheka. Mama mmoja alitaka kujua kama gari nalo limeanza kula ugali, na kama litapangiwa zamu ya kutwanga. Fundi alitazama unga tu, mpaka madoa meusi ya oili yakachomoza kila upande kwa pamoja. Akalizima gari, akachomoa mrija mwembamba unaotoa hewa ya ndani ya injini, akaugonga kiganjani. Likadondoka tope kavu: nyigu walikuwa wamejenga humo.

"Ndugu Mwenyekiti, hili halikulegea," alisema. "Limekabwa, nanyi mmezidi kulikaza. Pumzi ikikosa mlango hupasua ukuta."

Mwenyekiti alinuna, lakini akatoa jalada gumu la faili la ofisi. Fundi akakata humo gasketi mpya, kile kipande cha kuziba maungio ya injini, badala ya ile tuliyoiponda kwa kukaza, akarudisha nati kwa vidole kwanza, kisha kwa spana, taratibu. Wiki ile dada alifika Lindi salama, na mtoto akalia.

Katika mkutano wa kijiji uliofuata walishukuriwa vijana wa zamu ya kukaza nati. Tulipiga makofi, nami nikiwamo, na fundi, aliyekaa nyuma yangu, alipiga pia. Nazitamani siku zile, na imani ile ya kusema "letu sote" bila kubetua midomo. Lakini tulidhani kujenga ni kukaza tu. Palipovuja, tulimwita mwenye spana. Palipotulia, tulimsifu yeye huyo.

Jana nilimpelekea dada habari hii. Aliniuliza kama niliwahi kumshukuru yule mtu. Sikuwahi. Basi nimejiwekea ada: nikikuta jambo limetengemaa, sitauliza tena nani aliyelikaza. Nitamtafuta aliyelifungulia pumzi, nimwambie ahsante angali anasikia.