Diski Isiyo na Jina

Mume wangu alifia Ruharo, hospitalini, mchana wa jua kali, wakati mimi nimetoka kumtafutia uji. Niliporudi walikuwa wameshamfunika. Niliuweka uji chini ya kitanda nikakaa. Watu walikuwa wakinitazama, wakisubiri nilie. Nililiona hilo waziwazi, lakini machozi hayakuja, na siku ya mazishi hayakuja pia. Wanawake wa kanisa letu kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale wakanong'onezana kwamba ni mshtuko tu, utapita.

Alikuwa mpiga video. Tangu tufike kambini tukitokea Kivu ya Kusini, hiyo ndiyo kazi iliyotulisha, pamoja na shamba langu la mahindi na maharage. Alipiga harusi, mazishi, kwaya, ubatizo. Kazi zote alizihifadhi kwenye diski ya nje, kisanduku cheusi cha kutosha kiganja, chenye waya mfupi wa kuchomeka kwenye kompyuta. Alikuwa akikiviringisha kwenye kipande cha kitenge kwa ajili ya vumbi. Mimi sikuwahi kukigusa.

Siku ya msiba shemeji yangu aliichomeka ile diski atafute picha ya kuweka juu ya jeneza. Aliipata, akaihamishia kwenye fleshi. Gari la kumpeleka mjini Kabingo kuichapisha likapiga honi, naye akachomoa waya huku taa ya diski bado inapepesa, akakimbia. Simlaumu. Siku ile kila mtu alikuwa akikimbia isipokuwa mimi.

Wiki kadhaa baadaye wakaja kijana mmoja na mke wake. Harusi yao ilikuwa ya mwisho mume wangu kupiga kabla hajaanza kuvimba miguu. Mke alikuwa na mimba kubwa, akakaa kwenye kiti huku ameshika kiuno.

"Mama, pole ya musiba," kijana alisema. "Tunasikia haya kukusumbua. Ile video ya ndoa yetu iko fasi gani?"

"Iko mu diski."

"Tunaweza kuiona?"

Betri ya sola ilikuwa imejaa. Nikaitoa kompyuta sandukuni, nikachomeka waya kama nilivyokuwa nikimwona mwenyewe akifanya. Taa ikawaka. Ndani ya kisanduku kitu kikaunguruma kidogo, kisha kompyuta, ambayo maneno yake yote yalikuwa ya Kifaransa, ikaandika kwamba diski haisomeki, na kuuliza kama iiandae upya.

"Kubali tu, bonyeza *oui*, mama. Labda itafunguka."

Nilisoma mpaka chini. Shule niliyosoma Uvira haikuwa ndefu, lakini Kifaransa cha kutosha kuelewa neno la kufuta ninacho. Ilisema kila kilichomo kitafutwa. Nikakifunga kile kidirisha, nikachomoa waya. Yule mke akaanza kulia. Nilimtazama akilia kama mtu anavyotazama mvua ikinyesha kwenye shamba la mwingine.

"Nitaipeleka Mbarara," nilisema, kwa sababu ilibidi niseme kitu.

Nilielekezwa Nyamityobora, mtaa mmoja wa Mbarara, kwa mwanamke anayetengeneza kompyuta sebuleni kwake. Mumewe alikuwa askari, na kwa wakati ule alikuwa ametumwa mbali. Mezani palikuwa na mashine zilizofunguliwa matumbo, na juu yake, kwenye kamba, nguo za mtoto zikikauka.

"Karibu, nyabo. Nani nagonjwa, wewe ama mashine?"

"Mashine."

Akaniangalia kidogo. "Kale," akasema, yaani sawa, na kupokea diski.

Aliigeuza, akaitikisa sikioni, akauliza nani aliichomoa bila kuiaga kompyuta. Nikamwambia ni shemeji, siku ya msiba.

"Watu yote nafanya hivo," alisema. "Hata bwana yangu. Na yeye ni askari, kazi yake ni kungoja amri!" Akacheka. Nilijua kwamba hapo mtu hucheka, nikasogeza midomo.

Aliichomeka kwenye mashine yake na kuiamuru iikague. Ilichukua muda mrefu. Mstari wa kijani ulikuwa ukitambaa kwenye skrini, unasimama, unatambaa tena. Aliniletea chai ya maziwa, nikainywa. Baadaye nilihisi ulimi unawaka ndipo nikajua ilikuwa ya moto. Kisha mafolda yakaanza kutokea, moja baada ya jingine, kila moja lina jina la familia ninayoijua. Mengine yalikuwa matupu. La wale wawili lilikuwepo, zima.

"Mungu amesaidia," alisema. "Sasa kuja, mimi nafundisha wewe. Kama hapana jua kutoa, kesho utarudi hapa na kilio."

Tukakaa mbele ya kompyuta ya mume wangu, niliyokuja nayo mfukoni pamoja na diski. Yeye hakujua Kifaransa hata kidogo, mimi sikujua pa kubonyeza, kwa hiyo tulifanya kazi kama watu wawili waliobeba gunia moja.

"Hapa chini, karibu na saa, iko alama ndogo sawa na kichwa ya waya. Bonyeza. Inasema nini?"

"Inasema kutoa."

"Bonyeza tena. Inasema nini?"

"Inasema diski bado inatumika."

"Kwa sababu umeacha folda wazi. Funga yote, halafu uliza tena. Ikikataa kabisa, zima mashine nzima. Lakini hapana vuta!"

Nikafunga yote, nikauliza tena. Safari hii kompyuta ikasema naweza kuitoa. Nikapeleka mkono.

"Ngoja! Taa?"

Tukaitazama taa pamoja. Ikapepesa mara chache, ikazimika. Ule muungurumo wa ndani nao ukanyamaza.

"Sasa toa," alisema kwa sauti ya chini.

Alinirudisha mwanzo, tukarudia mpaka vidole vyangu vikazoea. Mwishowe akaniuliza kwa nini diski haina jina. Pale panapotakiwa jina palikuwa na herufi moja tu ambayo kompyuta yenyewe iliichagua. Akanionyesha diski zake mbili: moja aliiita Sukari, nyingine Chumvi, ya nyumbani na ya kazi, ili mkono usikosee.

"Ya kwako ni nani?"

Nikabonyeza panapobadilisha jina, nikaandika jina la mume wangu kama lilivyo kwenye kadi ya kambi. Halikutosha. Herufi zikagoma kabla sijafika mwisho, likabaki limekatika katikati, jina la mtu asiyekuwepo popote. Nikalifuta. Niliitazama ile nafasi tupu, yule mwanamke naye akawa anakunja nguo za mtoto. Kisha nikaandika KAZI. Lilitosha.

Wale vijana walirudi Jumamosi. Nilichomeka diski, nikangoja KAZI itokee, nikafungua video yao. Bibi harusi alionekana akishuka kwenye gari, shela limenasa mlangoni, na ghafla sauti ya mume wangu ikatoka kompyutani, kutoka nyuma ya kamera:

"Mama, simama hapo. Usicheke kwanza. Haya, sasa cheka mingi!"

Kijana akajikuna shingo.

"Mama, samahani. Batu huwa banaomba batoe ile sauti, babakishe muziki tu. Lakini wewe ndiye unajua."

"Hapana," mke wake alisema upesi. "Muiache. Ni yeye alinichekesha. Nilikuwa naogopa sana ile siku."

Nilirudisha video nyuma kidogo, nikaisikiliza tena, nikarudisha tena. Masikio yangu yalipata joto. Machozi hayakuja, ila niligundua kwamba nina njaa, njaa ya kweli, ambayo sikuwa nimeisikia tangu Ruharo. Niliwanakilia video kwenye fleshi yao pamoja na ile sauti, nikafunga kila kitu, nikaiaga diski inavyotakiwa, nikangoja taa. Kisha nikawaomba wabaki, nikasonga ugali na kuunga maharage, tukala sote watatu.

Baada yao wengine walikuja, wa kwaya, wa mazishi. Waliokuwa na mafolda matupu niliwaambia ukweli. Mmoja alinikaripia, wengine walinipa pole kana kwamba kilichopotea kilikuwa changu.

Yule mke alijifungua msichana. Siku ya kumpeleka mtoto kanisani walinitumia ujumbe nije na kamera ya mume wangu, nami nikaenda, nikapiga. Nilipoitazama video nyumbani niliona nimeishika kamera imeinamia upande mmoja, na mchungaji anaonekana kama anaanguka. Niliwaonyesha hivyohivyo.

"Iko muzuri, mama," yule mke alisema, akaomba nimwonyeshe tena pale mtoto anapopiga chafya.