Bukari Isiyoonjwa

Siku tuliyoondoka Likasi, mama yangu alinivuta nyuma ya lori, akajifanya ananifunga vizuri kitenge cha mtoto mgongoni. Kumbe alitaka kuninong'oneza.

"Weye, sikia. Kule usikule kintu kama mwenyeye hayaonja mbele yako. Ule mama, batoto yake babiri balikufia paka mu ile nyumba. Minye sisemi kintu. Ninasema paka: chunga."

Mwenyeye, yaani mama mkwe wangu; na "paka" ya kwetu si mnyama, ni "tu". Nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku ya ndoa, amekaa kwenye benchi la mwisho kanisani, kimya, mikono imekolea moshi wa samaki. Mama yangu, mke wa karani, alimpa ncha za vidole tu, halafu akajifuta kwa kitambaa. Niliona.

Tulikuwa tunakwenda kwake kwa sababu hatukuwa na pengine pa kwenda. Mume wangu alikuwa fundi katika gereji ya Mgiriki mmoja. Serikali ikaamuru mali ya wageni igawiwe wenye nchi, gereji ikapewa bwana mmoja mwenye kofia nzuri, naye akauza mashine moja moja mpaka akafunga mlango. "Tutakaa paka kidogo," mume wangu alisema. "Nitavua samaki, mambo itanyooka, tutarudia." Nilimwamini? Hata kidogo. Miaka ile nani alimwamini nani? Sokoni mtu akikuuliza bei ya unga mara mbili, unajiuliza katumwa na nani. Majina ya ubatizo tulikuwa tumeambiwa tuyaache, na mimi kabla ya kumwita mwanangu kwa lake nilichungulia kwanza dirishani.

Kijiji kilikuwa ukingoni mwa lile ziwa la bwawa la Mwadingusha. Nyumba za udongo, vichanja vya kukaushia samaki, mbwa wengi kuliko watoto. Waya za umeme zilipita juu ya vichwa vyetu kwenda kwenye viwanda vya shaba, na sisi chini tunawasha taa ya mafuta. Maji nayo yalipungua bila taarifa: unaamka, mtumbwi umekaa kwenye matope. Wengine walisema ni watu wa bwawa wamefungua. Wengine walisema si watu. Vijana wenye nguvu walikuwa wamekimbilia Likasi, kwa hiyo sisi tuliotoka Likasi tulitazamwa kwa jicho baya. Mtu anaacha mji kuja kukaa kwenye matope? Kaiba nini huko? Au katumwa na Chama, kile kinachotawala?

Haya, siku ya kwanza. Mama mkwe alileta bukari ya moto, ndio ugali wetu, na samaki wa kukaushwa, mchuzi mwekundu, harufu inakuvuta pua. Akaweka mbele yangu. Nikangoja. Kwetu mjini anayetoa chakula huonja kwanza, ili mgeni aone hakuna sumu wala bulozi, yaani uchawi, ndani yake, na nilijua wazi kwamba kwao pia ni hivyo hivyo. Yeye aliniangalia, akasema, "Kula, mwana wangu," akageuka, akaenda zake.

Nilimwachia mume wangu sahani yote, nikasema tumbo linaniuma. Alikula mpaka akaramba vidole. Yeye ni mwanawe, nilijiambia, yeye hawezi kudhurika.

Kama angekuwa amesahau tu, ningemsamehe. Lakini kesho yake alikuja mtu wa Chama kuuliza sisi ni akina nani. Mama mkwe akamletea munkoyo, kinywaji cha mahindi, katika kibuyu, akamimina, akanywa yeye kwanza, funda kubwa la kusikika, akajifuta mdomo, ndipo akampa. Akaja mnunuzi wa samaki: akaonja. Akaja sista wa misioni: akaonja. Kumbe anajua! Kila anayepita njia anaonjewa, ila mimi tu. Sasa niambie, wewe ungefikiri nini?

Basi kila alipoleta bukari nilingoja aondoke, nikaipeleka nyuma ya vichanja, nikawapa mbwa. Mbwa hawakufa. Nikasema sumu ya watu haishiki mbwa. Mimi nilikula mihogo niliyoing'oa na kuichoma mwenyewe, na mapera ya porini. Mume wangu alipoona mifupa ya shingo yangu imetoka, nilimweleza ninachoogopa. Alikasirika vibaya sana.

"Mama yangu akuue weye? Uko wazimu?"

"Na bandugu yako babiri, nani aliwaua?"

"Homa!" akapiga kelele. "Homa njo iliwaua!" Akachukua nyavu akatoka, na tangu siku ile hatukulizungumza tena.

Mtoto ndiye aliyeanza kunisaliti. Alikuwa bado hajaota jino hata moja, chakula chake ni mimi peke yangu. Akawa ananyonya, anaacha, ananitazama, analia. Maziwa yalikuwa yanakauka. Mchana kutwa niliigeuza hesabu hiyo kichwani: nikila, huyu mwanamke ataniua na mtoto atabaki bila titi, nisipokula, mtoto atakufa mikononi mwangu. Niliogopa mpaka meno yaligongana, na jua linawaka. Nilimwomba Bikira Maria anionyeshe njia. Alinyamaza, kama watu wote wa kijiji kile.

Aliyenifuma ni mulamu wangu, dada wa mume wangu, msichana mwenye mdomo mkali. Alikuja vichanjani kugeuza samaki, akamkuta mbwa na sahani ya mama yake.

"Aka! Weye unafanya nini? Hii bukari ya nani?"

Alimwita mama yake kwa sauti ya kuita kijiji kizima. Mama mkwe akaja, akamtazama mbwa, akanitazama shingo, akamtazama mtoto aliyekuwa analia mgongoni mwangu bila machozi.

"Unaogopa bukari yangu," alisema. Hakuuliza.

"Mama, hamuonjake," nilimwambia. "Bote unabaonjea. Minye hapana."

Halafu aliingia jikoni, na nikasikia mwiko unagonga sufuria. Alirudi na bukari mpya, akapiga magoti mbele yangu, mwanamke yule mwenye mvi, akakata tonge, akachovya, akatafuna, akameza. Akafungua kinywa nione hakuna kilichobaki.

Nilikula. Ee Mungu wangu, nilikula! Nilikula kwa mikono miwili, nikijiambia nimeshinda. Nilipoinua macho, mulamu alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, analia.

"Unalia nini?"

"Kwetu huku, muntu mwenye banamuonjea ni mugeni," alisema. "Mutoto ya nyumba, habamuonjeaka. Mama alikuweka mutoto yake siku ya kwanza. Leo umejitosha mwenyewe mu batoto yake."

"Na mungeniambia!" nilipiga kelele. "Nani aliniambia?"

Mpaka leo nasema hivyo hivyo: wangeniambia. Hata kama watu wote wa ziwa lile wananicheka, wangeniambia.

Maziwa yalirudi. Mtoto alinenepa, akatambaa, akajifunza kula samaki mkononi mwa bibi yake, naye alimlisha moja kwa moja, tonge kutoka sufuriani hadi kinywani. Zamu ya sahani yangu ilipofika, alikata kwanza, akatafuna, akameza. Alifanya hivyo kila siku, kwa adabu, bila kununa. Tuliendelea kukaa pale, maana kazi ya kuturudisha mjini haikutokea kamwe. Siku moja nilimshika mkono.

"Mama, leo usionje. Nakuomba."

"Utakula namna gani, mwana?" alinijibu taratibu, akaonja.

Alipozeeka, miguu ikavimba, hakuweza kutoka kitandani. Mulamu alikuwa ameolewa huko Buluo, na mume wangu yuko ziwani. Nilibaki mimi kumwogesha, kumgeuza, kumpikia. Asubuhi moja nilimtengenezea uji mwepesi, nikaukoroga mpaka ukawa laini, nikakaa kando ya kitanda. Kwa makusudi kabisa sikuonja. Niliinua kijiko, nikakipeleka moja kwa moja kwenye midomo yake, na nadhani alielewa ninachofanya, maana alinitazama kwa muda mrefu sana.

Alifunga midomo.

"Onja kwanza," alisema.

Nilikirudisha kijiko, nikakitia kinywani mwangu, nikameza, nikafungua kinywa aone. Machozi yalikuwa yananitiririka mpaka kwenye bakuli. Aliangalia vizuri, kama mtu asiye na haraka, kisha akakubali kula.