Vitambaa Vitatu Kwenye Geti la Ushuru

Saa mbili asubuhi, lori la mpunga linasimama kwenye geti la ushuru, njia ya kutoka Kasansa kwenda Mpanda mjini. Rozalia Melkior, mfanyabiashara wa mchele, yuko juu ya magunia, ananyonyesha.

Mkusanya ushuru analizunguka lori. "Magunia ishirini na manne. Mwenye mzigo nani?"

"Tuko watatu, kaka. Manane manane," anajibu Rozalia.

"Nyie akina mama mna maneno!"

"Maneno tunayo, tani ndiyo hatuna," anadakia mwenzake, Hilaria. Utingo anaangua kicheko.

Kwa utaratibu walioelezwa, mzigo wa mtu mmoja usiofika tani haulipiwi ushuru. Wanachangia lori kwa sababu nauli ya peke yako haibebeki.

Msimu uliopita walijiponza. Kwa kujivunia umoja wao wa kanisani, walishona midomo ya magunia yote kwa vipande vya kitenge kimoja, sare yao ya kwaya. Getini ukaonekana mzigo wa tajiri mmoja. Wakatozwa karibu shilingi elfu sitini. Fungu la Rozalia, elfu ishirini, ndiyo ilikuwa faida yake yote.

"Nilifika nyumbani, mtoto wangu mkubwa ananipekua anatafuta andazi," anasema taratibu. "Nikamkumbatia tu. Ningemwambia nini?"

Safari hii kila mmoja ameshona kwa kitambaa chake. Hilaria ana cha maua, Josefina, mwenzao wa tatu, cha bluu. Rozalia amechana nusu ya khanga yake ya kubebea mtoto.

Mkusanya ushuru anashika gunia moja moja. Kwenye khanga iliyopauka anasita, anamtazama mtoto aliyefunikwa kwa nusu nyingine.

"Na huyu naye ana mzigo?"

"Huyo ndiye bosi," anasema Josefina.

Mkusanya ushuru anatabasamu, anainua mti wa geti. "Piteni, mama zangu."

Rozalia anambusu mwanawe utosini.

Anachotaka ni mashine ndogo ya kukobolea mpunga, aifunge palepale Kasansa. Hasubiri kupewa na serikali. Anaomba tu kile kidogo anachopata kisiguswe mapema.

"Kodi sikatai, barabara tunaitaka," anasema lori likiondoka. "Mashine ikishaanza kuniingizia, waje, nitalipa na kiti nitawapa. Ila mtoto mwache kwanza atembee, ndiyo umtwishe ndoo."