Dumu la Mtu Asiyekunywa

Pale Ngungu, Verdiane alisemwa sana. Mama wa usumbufu, ndivyo walivyomwita, kwa sababu penye sherehe yeye ndiye aliyesimama mlangoni kupokea vinywaji, na kasiksi ya mtu, hata iwe ya shemeji yake mwenyewe, haikupita mpaka aliyeileta aionje mbele ya macho yake. Desturi hiyo ni ya wote, lakini vijana waliokwisha kufika Goma mara mbili waliiona ya kishamba. Walimcheka, kisha wakainywa hiyohiyo pombe ya ndizi bila wasiwasi.

Siku ya mahari ya bintiye, Kétsia, ua ulijaa wageni, na watoto walikimbizana kati ya viti. Wakwe walikuwa wamekwisha kuingia na ng'ombe wao. Ndipo alipotokea kijana mwenye koti safi, dumu la njano begani, akisema ametumwa na upande wa bwana harusi.

"Karibu, kaka. Onja kwanza," Verdiane alimwambia, akimnyooshea kikombe.

"Mi niliokoka, mama. Pombe nilishaacha."

"Uliokoka, na unabeba kasiksi? Basi mwaga kidogo hapa, nione rangi."

Kijana akatazama uani, akatazama barabara. Jasho lilimtoka, na Ngungu ni baridi. Wakubwa wake walimfundisha kuunganisha nyaya, wakasahau kumfundisha namna watu wanavyokaribishana. Na ndio haohao wanaojigamba porini kwamba wanakuja kutukomboa. Akalitua dumu polepole mno, akatimua mbio kuelekea bondeni.

Verdiane akawageukia wageni. "Batu bote mutoke! Kwa mashamba, nyuma!"

Waheshimiwa wa viti vya mbele walianza kuuliza kuna nini, vikombe vikiwa bado mkononi. Aliwaswaga kama mbuzi. Kétsia alikunja kikwembe chake kipya, akambeba mtoto wa jirani, akakimbia.

Dumu lililipuka ua ukiwa mtupu. Liliua bata mmoja na kuvunja vyungu vya wali. Mashujaa wazima wamekuja kupigana na harusi, wakamshinda bata! Lakini Verdiane hakucheka. Alikaa katikati ya shamba la viazi, akaushika mkono wa Kétsia, akalia kwa sauti bila kumwonea mtu aibu.

Kesho yake komanda mmoja wa jeshi alitangaza redioni kwamba renseignements, yaani habari za siri zilizokusanywa na vijana wake, ndizo zilizookoa raia. Jioni akafika kwa Verdiane kuangalia shimo lililochimbwa na mlipuko, tumbo mbele, akaomba kinywaji kwa sababu ya kiu. Verdiane akamjazia kikombe. Komanda akakipokea, akakitazama, akamrudishia mbele ya majirani wote.

"Onja kwanza, mama."

Verdiane akaonja, akafuta mdomo kwa mkono.

"Unaona, komanda? Renseignements zako zote njo hii."