Siku Niliposema Kuna Nyoka Kihengeni

Jamani, msinicheke sana, maana mpaka leo nikipita Nyamwaga wapo wanaoniita Mama Nyoka, na mimi nageuka.

Nina ugonjwa wa kununua. Nikienda Tarime mjini kufuata chumvi narudi na viatu, si kwamba navihitaji (mkulima mimi, nitavivaa wapi, migombani?), ila nikiona kitu kipya moyo unaenda mbio, nikishalipa natulia, halafu kabla sijafika nyumbani naanza kujuta. Basi nikawa navificha kihengeni, chini ya mahindi, mume wangu Marwa asivione.

Siku moja jirani akafiwa, mama mkwe akaja na debe kuchota mahindi ya msibani, na kabla sijamzuia keshafungua kihenge, mimi kwa woga nikaropoka, "Mama, usiingize mkono! Kuna nyoka!"

Weee! Alipiga yowe, na yowe kwetu Wakurya halipigwi mara mbili, wanaume wote wa msibani wakaja na mapanga na mikuki. Mmoja akachoma mkuki ndani, akasema amegusa kitu laini (mikoba yangu hiyo!). "Chatu!" Watoto mbio. Marwa akaja na mafuta ya taa, akamwagia ukuta wa kihenge, akasema,

"Bora tulale njaa kuliko kuzika mtoto mwingine."

Chakula chetu chote kilikuwa mle. Nilipoona ametoa kiberiti nikajitupa mbele yake. "Usichome! Hakuna nyoka, ni viatu!"

Wakamwaga kila kitu uani, viatu, mikoba, vitenge, vingine na lebo zake. Mama mkwe akauliza polepole mbele ya ukoo mzima, "Mama Ghati, una miguu mingapi?"

Nilijua narudishwa kwetu Ringwani. Marwa hakunipiga wala hakunirudisha. Asubuhi akanipeleka hospitali. Muuguzi wa ushauri hakucheka, aliuliza tu ilianza lini, nikajikuta nalia, maana ilianza tulipomzika mwanangu mdogo. Akasema hamu hiyo inakamata mtu kama pombe, haiponi kwa matusi; nisiende dukani peke yangu, nikitamani kitu nirudi nyumbani kwanza, na niendelee kuja tuongee.

Naendelea kwenda. Juzi nilikwama mbele ya duka moja, jasho linanitoka, mama mkwe, ndiye anayenisindikiza siku hizi, akanishika mkono kama mtoto, watu wanatazama, na sikuuchomoa. Sokoni peke yangu sikanyagi tena, hata kama sabuni imeisha nyumba nzima.